Tausi wa Miguu Mitatu

Picha ilinifikia kwa WhatsApp saa tatu usiku, chini yake ujumbe: "Kaka, nisafishie hii, kesho asubuhi inakwenda kuprintiwa." Mteja wangu ana nyumba ya wageni huko baharini, kusini mwa Dar, na alikuwa anataka bango la mapokezi na fulana za wahudumu. Miaka ya nyuma angenituma Oysterbay nikamnunulie picha kwa wachoraji wenyewe wa tingatinga, ule mtindo wa wanyama na ndege wenye rangi kali, niipige, niiweke kwenye kompyuta, niitengeneze. Safari hii hakumhitaji mchoraji. Aliiandikia programu ya akili mnemba sentensi moja, tausi wa tingatinga, rangi za machweo, ikamletea tausi kabla chai yake haijapoa.

Tausi mwenyewe alikuwa mzuri, nisimwonee. Nyuma yake rangi ya chungwa ilififia taratibu hadi ikawa njano, vile vile wanavyofanya wachoraji. Shingo ya buluu imepinda, manyoya ya mkia yamejaa macho, majani ya kijani yamepangwa kando kama pindo la kanga. Kwa mbali ungeapa ametoka Morogoro Stores, pale Oysterbay wanapokaa wachoraji, leo asubuhi na rangi haijakauka.

Nikaanza kumkuza. Kwa asilimia mia mbili nikauona mguu wa tatu ukichungulia chini ya bawa, hauna kucha wala kidole. Kwa mia nne nikaona madoa. Kwa mchoraji kila doa ni duara lake, limeguswa mara moja kwa kijiti kikainuliwa. Haya yalikuwa yanayeyukiana, yameshikana kama mtama uliolowa. Halafu nikateremka hadi kona ya chini kulia, pale mchoraji wa tingatinga anapoweka jina lake, na pale palikuwa na sahihi.

Jina halikusomeka. Herufi ya kwanza ni M, hiyo sina shaka nayo. Ya pili ilianza kama a, ikaghairi njiani. Ikafuata mikwaruzo mitatu minne yenye mwinamo wa mkono wa mtu, mtu aliyezoea kuandika jina hilo upesi, kisha nukta.

Anayejua programu hizi anajua mikwaruzo ile imetoka wapi. Programu imeonyeshwa picha nyingi za aina ile, na nyingi zina maandishi kwenye kona. Ikajifunza kwamba ndege wa namna hii ana mdomo, ana mkia, na ana kitu kinachokwaruzwa pale chini. Kwake jina la mtu ni unyoya mmojawapo.

Maagizo ya mteja yalikuwa mawili: toa mguu mmoja, na toa "hiyo takataka ya pembeni". Nilitoa vyote. Robo saa haikufika. Akanirushia elfu hamsini, nikazima kompyuta. Lakini faili la kwanza sikulifuta, na wiki zote hizi nimekuwa nikilifungua na kuitazama ile M.

Ninavyojitafutia riziki ni kwa kuchora kwenye kompyuta: nembo, majalada ya vitabu, mabango ya harusi. Na mjomba wangu, kaka yake mama, anachora tingatinga. Kwa hiyo neno hakimiliki nimekuwa nikilisikia nyumbani tangu utoto, na kwa kawaida lilitamkwa kama watu wanavyotamka neno mvua mwaka wa ukame. Baada ya tausi nikaona niisome sheria kwa utulivu, nijue mjomba anadai nini na anamdai nani. Nilichokikuta hakikunifurahisha.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, inalinda picha tangu inapochorwa. Kusajili si sharti. Tanzania iliingia Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, mwaka 1994, na mkataba huo unakataza kumwekea mtunzi masharti ya makaratasi kabla hajapata haki yake. Kuandikisha COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kunasaidia kwenye ushahidi mkigombana. Hadi hapo sawa. Mjomba akichora tausi, tausi yule ni wake, na mtu akimpiga picha na kumchapa kwenye fulana bila ruhusa, mjomba ana kesi.

Ila tausi wa mteja wangu si tausi wa mjomba. Hakuna picha moja duniani ninayoweza kuiweka kando yake nikasema hii ndiyo iliyonakiliwa. Kilichochukuliwa ni mtindo, na mtindo hauna mwenyewe kisheria. Mkataba wa TRIPS wa 1994, ule wa biashara ya dunia kuhusu haki za ubunifu, unasema hakimiliki inalinda namna jambo lilivyotolewa, hailindi wazo, na sheria yetu imeshika njia hiyo hiyo. Machi 2025, dunia nzima ilipojigeuza katuni za mtindo wa studio ya Ghibli ya Japani, wenye studio nao walikabiliwa na ukuta huo huo: uso wangu uliochorwa "kama Ghibli" haujanakili katuni yao yoyote. Kama studio yenye mawakili iko hivyo, mchoraji wa Oysterbay afanyeje?

Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikakumbuka mtindo wenyewe ulivyotufikia, na hasira ikapata kigugumizi.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru mwaka 1932. Alipita kwenye mashamba ya mkonge Tanga, akaja Dar es Salaam, akafanya kazi za nyumbani na vibarua. Kuchora alianza mwishoni mwa miaka ya 1960, kwenye vipande vya mraba vya silingibodi, kwa rangi za kupakia baiskeli kwa sababu ndizo zilizopatikana dukani kwa bei yake. Picha ziliuzwa nje ya Morogoro Stores, wateja wakiwa wazungu waliokuja kununua siagi na mkate. Mei 1972 polisi waliokuwa wakifukuza wahalifu walimpiga risasi kwa kumdhania mmoja wao. Sanaa yenye jina lake, inayouzwa leo kila duka la watalii kutoka Arusha hadi Nungwi, yeye aliifanya miaka minne hivi.

Iliyobaki waliifanya wengine. Alikuwa amewafundisha watu wachache, wengi ndugu na watu wa kwao: January Linda, Ajaba Abdallah Mtalia, Adeusi Mandu, Kaspar Tedo, Simon Mpata. Alipokufa, walichora kama yeye. Waliwafundisha wadogo zao, nao wakachora kama wao. Mwaka 1990 wakawa na chama cha ushirika. Ukipita pale leo utamkuta chui yule yule mikononi mwa watu kumi, na ukiuliza nani aliyemwanzisha watacheka. Picha ikinunuliwa haraka Jumatatu, Jumatano kila mmoja ameshaichora. Hawaiti wizi, wanaita soko.

Sasa fikiri sheria ingekuwa inalinda mtindo. Mwaka 1972 warithi wa Tingatinga wangewazuia wanafunzi wake, na mjomba wangu, aliyekuja mjini kwa lori mwaka 1984 bila cheti chochote, angekuwa mhalifu. Ada yangu ya sekondari ingekuwa mali ya wizi. Na hata picha za Tingatinga mwenyewe, moja moja, muda wake umepita: sheria ya 1999 inalinda uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo, kwa hiyo kwa hesabu ndefu kabisa ulinzi uliisha na mwaka 2022. Anayetaka kuchapa simba wa Tingatinga kwenye kikombe hana wa kumwomba.

Wapo wanaosema basi tingatinga iwekwe kwenye sanaa za jadi, maana sheria yetu ina sehemu nzima ya sanaa za jadi, na mtu wa nje anayetaka kuzifanyia biashara aombe kibali. Mimi sikubali. Sanaa hii ina mtu aliyeianzisha, ina mtaa, ina kopo la rangi lenye chapa ya kiwandani. Ukimwita Tingatinga "jadi" umemwondoa mwenyewe kwenye picha, kazi ambayo programu inaifanya vizuri bila msaada wetu. (Na tafadhali, tusichanganye hili na lile la Disney kusajili "Hakuna Matata". Ile ni alama ya biashara, mlango mwingine na funguo nyingine, ingawa kwenye vijiwe vya wasanii mambo haya mawili hupikwa chungu kimoja.)

Kwa hiyo sitaki mtindo ufungiwe. Nimezunguka sana hadi kulisema hilo waziwazi, kwa sababu wenzangu wengi wabunifu wanataka kinyume. Ninachokidai kiko nyuma zaidi, pale picha zilipoingizwa.

Programu haikuota tausi. Ilionyeshwa picha, na ili ionyeshwe, mtu alizinakili. Mkusanyo mmoja unaojulikana sana, LAION-5B wa mwaka 2022, ni orodha ya viungo vya picha zaidi ya bilioni 5 zilizookotwa kwenye intaneti pamoja na maelezo yake. Programu ya Stable Diffusion ilifundishwa kwa sehemu ya mkusanyo huo. Picha za watalii, maduka ya mtandaoni, makumbusho, blogu kama hii. Kunakili ni neno ambalo sheria ya hakimiliki inalielewa vizuri kuliko yote. Hapo ndipo ubishi halisi ulipo sasa, na mahakama zinavutana.

Tarehe 4 Novemba 2025 Mahakama Kuu ya London iliamua kesi ya Getty Images dhidi ya Stability AI, kampuni ya Stable Diffusion. Getty, wenye hazina kubwa ya picha, walikuwa wamelazimika kuliacha dai la picha zao kutumika kuifundisha programu katikati ya kesi, kwa kuwa hapakuwa na ushahidi kwamba kazi ile ilifanyika Uingereza. Lililobaki ni kama modeli yenyewe, yaani programu iliyokwisha kufundishwa, ni nakala haramu. Mahakama ikasema hapana, haihifadhi picha za Getty ndani yake. Wiki moja baadaye, tarehe 11, mahakama ya Munich ikaamua kesi ya chama cha wanamuziki cha GEMA dhidi ya OpenAI, kampuni ya ChatGPT, kuhusu mashairi ya nyimbo 9 za Kijerumani. Ikasema modeli inayoweza kuyatoa mashairi yale karibu neno kwa neno imeyahifadhi, na kuhifadhi ni kunakili. Wiki moja, bara moja, majibu mawili.

Lakini ndani ya hukumu ya London kuna kipande kilichonifanya nisimame nitembee chumbani. Getty walishinda kidogo, na walichoshindia ni alama yao ya maji, lile jina lao linalowekwa juu ya picha. Baadhi ya picha zilizotengenezwa na programu zilitoka na jina la Getty limechapwa juu yake, lingine limepindapinda, na mahakama ikaona hapo alama yao ya biashara imevunjwa. Yaani kile kile nilichokiona kwenye kona ya tausi. Jina la kampuni lilipotoka limekwaruzwa, likawa ushahidi. Jina la mchoraji lilipotoka limekwaruzwa, likawa takataka ya pembeni, na mimi nikalipwa kuliondoa.

Tofauti ni usajili. Mkataba wa Berne unatuambia makaratasi si lazima, na ni kweli, hadi siku ya kugawana fedha. Septemba 2025, huko Marekani, kampuni ya akili mnemba ya Anthropic ilikubali kulipa dola bilioni 1.5 kuumaliza mgogoro na waandishi ambao vitabu vyao vilipakuliwa kutoka maktaba za maharamia. Inakadiriwa kama dola 3,000 kwa kitabu. Jaji alikuwa ameshasema kwamba kuifundisha programu kwa vitabu vilivyopatikana kihalali ni matumizi ya haki, yasiyohitaji ruhusa ya mtunzi, ila kurundika nakala za wizi si haki. Fedha nyingi. Waliostahili ni wenye vitabu vilivyosajiliwa kwenye ofisi ya hakimiliki ya Marekani. Mwandishi wa Kiswahili aliyechapwa Dar au Mombasa, asiyewahi kuisikia ofisi hiyo, hata kama kitabu chake kilikuwa kwenye rundo lile lile, hakumo kwenye foleni. Wachoraji ndiyo usiseme.

Na msidhani huku kwetu mahakama hazijui kuhesabu. Mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliamuru kampuni ya simu ya Tigo iwalipe wanamuziki AY na MwanaFA zaidi ya shilingi bilioni 2 kwa kuzitumia nyimbo zao mbili kama miito ya simu bila ridhaa. Wakapambana rufaa, lakini hukumu ile ilibadilisha mazungumzo ya vijiweni. Kabla ya hapo watu walidhani hakimiliki ni ya semina za hotelini. Ila angalia ilivyokuwa rahisi kuonyesha: wimbo una jina, una sauti, unabonyeza unausikia. Mchoraji atabonyeza nini?

Upande wa mteja wangu nao kuna kichekesho. Anaamini tausi ni wake kwa kuwa aliandika ile sentensi na ananilipa mimi. Marekani, mahakama ya rufaa ya Washington ilisema Machi 2025, katika kesi ya Stephen Thaler, kwamba kazi lazima iwe na mtunzi binadamu. Mashine haiwi mtunzi. Mahakama ya Intaneti ya Beijing, Novemba 2023, ilimpa ulinzi mtu aliyetengeneza picha kwa programu, kwa kuona alivyohangaika kuchagua maneno na kurekebisha. Mteja wangu hakuhangaika. Jirani yake mwenye nyumba ya wageni akimchukua tausi yule yule kesho akamweka kwenye fulana zake, sioni mtu wa kulalamika atatoka wapi. Labda mimi, mtunzi wa mguu uliokatwa.

Jumamosi nikaenda Morogoro Stores. Mjomba alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, kitambaa cha marekani kimekazwa kwenye fremu, kimeshapakwa chungwa na njano na kimekauka. Alikuwa kwenye madoa. Anatumia kijiti alichokichonga kutoka mpini wa brashi iliyokufa. Anachovya, anagusa, anainua; anachovya, anagusa, anainua. Rangi haimdondoki. Nimemwona akifanya hivyo maisha yangu yote na sijawahi kuhesabu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Umekuja na njaa au na maneno?"

Nilikuja na maneno. Nikamweleza, sikumficha ile elfu hamsini. Akaendelea kugusa. Nikamuuliza yeye alijifunza vipi, ingawa najua. Alinisimulia tena. Mwaka wa kwanza aliosha brashi na kupaka rangi za nyuma. Wa pili akapewa majani, kisha madoa. Picha alizozifanyia nusu ya kazi zilitoka na jina la mwalimu wake, na hakuona ajabu. Alikula kwa mwalimu, alilala kwa mwalimu. Siku aliyoruhusiwa kuandika jina lake chini ya kware mmoja mdogo, alikosea herufi kwa kutetemeka, akafuta kwa mafuta ya taa, akaandika tena. Kware yule aliuzwa kwa Mjerumani.

"Kwa hiyo mjomba, nanyi mlinakiliana," nikamchokoza.

"Tulinakiliana, ndiyo. Lakini nilimfulia mashati miaka miwili."

Nilipomwonyesha simu alifuta mikono kwanza. Aliitazama picha kwa muda, akaivuta karibu, akaisogeza mbali kama mtu aliyesahau miwani. Rangi akazisifia. Mguu wa tatu akaucheka mpaka vijana wa jirani wakaja kuona. Mmoja akasema tausi huyu atawakimbia wote. Mwingine, anayeuza zaidi kwenye mitandao kuliko pale barazani, hakucheka. Aliuliza programu inaitwaje na inalipiwa shilingi ngapi, na sikumlaumu.

Nikakuza ile kona. Mjomba akanyamaza. Akainama hadi pua karibu iguse kioo, kidole chenye rangi ya njano kikifuata mikwaruzo hewani bila kugusa, kama anayeandika. M. Kisha ile a iliyoghairi. Akarudia mara ya pili.

"Mwinamo huu naujua," akasema.

Akawaita wazee wawili waliokuwa upande wa pili wa kibanda. Simu ikapita mkono kwa mkono. Mmoja akataja jina la mtu aliyerudi Tunduru siku nyingi. Mwingine akakataa, yule M yake ilikuwa na mkia. Likatajwa jina jingine, wakahesabu tangu msiba wake, hawakukubaliana mwaka. Likatajwa la tatu. Mjomba akaniambia nikuze zaidi, nikamwambia imefika mwisho, ukizidisha inabaki miraba ya rangi tu.

"Zidisha hivyo hivyo," akasema.